Hoja ya Shangazi Kandida

Tulimzika Shangazi Kandida siku ya Alhamisi, baada ya misa, mvua ikiwa imetuachia nafasi ya kumfikisha kaburini tu. Kesho yake, watu wengi walipokwisha kuondoka, mimi na Fokas tulikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba yake hapa Mfaranyaki, mjini Songea, tukitazama bodaboda zikipita na wajukuu wakikunja maturubai. Fokas ni mwanawe wa pekee, binamu yangu, na sasa ana mvi kunizidi. Ghafla akacheka peke yake. "Truda," akasema, "mama amekufa bila kuniambia kama kweli nilikuwa mjinga kiasi kile." Nikamwambia hakuwa mjinga, alikuwa hajapata mwalimu. Akacheka zaidi. Binti yake mdogo, anayesoma chuo, akasogea akauliza tunacheka nini msibani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwasimulia watoto habari za mwaka ule niliokaa katika nyumba hii nikiwa kidato cha tatu. Nilimsimulia kwa kifupi. Hapa nasimulia kwa urefu.

Nilikuja Songea mwezi wa kwanza, nimekaa juu ya magunia kwenye lori lililotoka upande wa Namtumbo, kwa sababu sekondari ya jirani na kijiji chetu ilikuwa mpya na iliishia kidato cha pili. Shangazi alikubali kunipokea bila kuuliza mengi. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye viti vinne vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, chumba chake na mumewe, na chumba cha Fokas chenye kitanda, meza na taa ya chemli. Mimi nilipewa stoo. Nililala kwenye godoro la sufi katikati ya magunia ya mahindi na debe la maharage, na hadi leo nikisikia harufu ya mahindi makavu huwa najiona tena msichana wa sketi ya bluu. Jiko lilikuwa nje, la matofali ya kuchoma, kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi. Humo ndimo nilimoishi hasa. Baba Fokas, aliyekuwa karani wa ghala la mahindi, alikula sebuleni na mwanawe. Mimi na Shangazi tulikula jikoni juu ya mkeka. Chakula kilikuwa kilekile, ugali na dagaa wa Nyasa, au majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na kande siku za Jumamosi. Ila siku jamaa aliposhuka kutoka Mbamba Bay na samaki aina ya mbasa, vipande vya katikati vilikwenda sebuleni na kichwa kikabaki kwetu. Shangazi aliapa kwamba kichwa ndicho kitamu. Nilimwamini kwa miaka mingi.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Niliteka maji kwenye bomba la mtaa, nikawasha moto, nikakanda na kukaanga maandazi ya kibanda cha chai alichokuwa nacho Shangazi karibu na stendi, nikafagia uwanja, nikaoga, nikaenda shule. Fokas aliamka, akanywa chai, akaenda shule. Sikuona ubaya wowote. Hata yeye hakuona, na sisemi hivyo kumlaumu. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono myepesi ya kufungua na kufunga baiskeli, aliyekunywa ile chai kama mtu anavyovuta hewa, bila kujiuliza imetoka wapi. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, na katika vikao vingi nimewasikia watu wazima wenye shahada wakibishana kwa nini wasichana hawafanyi vizuri katika somo hili. Mmoja husema ni woga, mwingine husema ni ubongo, mwingine husema hawana mfano wa kuiga. Nikipewa nafasi, mimi huuliza jambo moja tu: nani aliteka maji asubuhi hiyo? Watu hucheka kidogo, halafu mwenyekiti huendelea na ajenda.

Mimi na Fokas tulikuwa darasa moja, na mwalimu wetu wa hisabati nitamwita Mwalimu Haule. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na aliandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo nadhani hakuijua mwenyewe. Aliandika swali, akageuka, akauliza, "Nani ameipata?" Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikataja jibu. Mwalimu Haule akanitazama, akaitazama karatasi yake, kisha akalitazama darasa zima. "Fokas," akasema, "ni kweli?" Fokas, ambaye alikuwa hajamaliza hata kunakili swali, akasimama. "Ni kweli, mwalimu." "Vizuri sana, Fokas. Kaa." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona cha kuchekesha. Nami nilikaa chini nikiwa na furaha kwamba jibu langu lilikuwa sahihi.

Matokeo ya katikati ya mwaka yalikuja nyumbani katika bahasha mbili. Baba Fokas alivaa miwani, akatuita sote sebuleni, akasoma ya mwanawe kwanza, somo kwa somo, sauti yake ikipungua kila alipozidi kushuka. Katika hisabati Fokas alikuwa karibu na mkia. Akafungua bahasha yangu. Katika hisabati, wa kwanza. Aliisoma tena kimyakimya, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Nilisimama nikingoja neno. Shangazi alikuwa mlangoni, amejifunga kanga kiunoni. "Truda," Baba Fokas akasema mwishowe, "lete maji ya kunawa." Nikaleta maji.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa na chakula cha mchana, wao walikwenda kupumzika chumbani na mimi nikakaa stoo kuchambua maharage. Kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye bati, hivyo maneno ya chumba kimoja yalitembea hadi kingine. Nilimsikia Baba Fokas akisema, "Yule mtoto wa kaka yako ana akili."

"Anazo," akajibu Shangazi.

"Zimezidi. Mtoto wa kiume akikaa nyumba moja na msichana anayempita, anavunjika moyo. Humwoni Fokas anavyokula siku hizi? Ameinamisha kichwa."

"Fokas anainamisha kichwa tangu azaliwe."

"Usifanye mzaha, Mama Fokas. Mimi sisemi afukuzwe. Nasema apunguze. Asubuhi aende akuuzie pale kibandani, shule atakwenda akimaliza. Mwisho wa siku, yeye ataolewa. Fokas ndiye mwenye mzigo wa kubeba jina langu."

Nilishika punje za maharage mkononi bila kuzidondosha, nisije nikasikika. Kisha Shangazi akasema, "Haya." Neno moja. Sidhani kama kuna neno lililoniuma zaidi ya hilo mwaka ule, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba yeye ni wangu. Leo, mtu mzima, najua kwamba "haya" ya mwanamke katika nyumba ile inaweza kuwa na maana nyingi, na moja kati ya hizo ni "ngoja kwanza". Wakati ule niliisikia kwa maana moja tu.

Basi nikawa muuza maandazi. Wasafiri wa asubuhi walikunywa chai na kuondoka, mimi nikaosha vikombe, nikakimbia shule, nikafika kengele ya kwanza imekwisha kulia. Adhabu ya wachelewaji ilikuwa kufyeka nyasi, na kipindi cha kwanza, siku nyingi, kilikuwa hisabati. Nilichagua kufyeka chini ya dirisha la darasa letu. Mada ya pembetatu niliisoma hivyo, nimeinama na fyekeo, nikisikia sauti ya Mwalimu Haule bila kuona alichokuwa anachora, nikijichorea mwenyewe kichwani. Jioni nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia mbele ya moto. Katika jaribio la mwezi nilishuka. Mwalimu Haule alinirudishia karatasi yangu kwa huruma ya kweli. "Usijali, Edeltruda," akaniambia. "Wasichana mkifika kidato cha tatu ndivyo inavyokuwa." Nilikwenda nayo nyumbani sentensi hiyo, na sitaficha kwamba kwa siku kadhaa niliamini huenda ni kweli, kwamba kitu fulani ndani yangu kilikuwa kimefika mwisho wake, kama kisima kinavyokauka.

Aliyeanza kubadilisha mambo ni Fokas, tena bila kukusudia. Jioni moja alikuja jikoni na daftari lake, akasimama mlangoni kama mgeni. "Truda, ile ya pembetatu, wewe umeielewa?"

"Nimeielewa kupitia dirishani."

"Nielekeze."

"Nitakuelekezaje? Huoni mikono yangu ina unga?"

Alifikiri kidogo. "Basi nipe mwiko."

Nikampa. Nilikaa kwenye kigoda, nikachukua kipande cha mkaa, nikachora pembetatu ukutani juu ya ule weusi, haikuonekana, nikachukua majivu yenye maji nikachora kwa kidole. Fokas alisonga ugali huku akitazama ukuta, na kila aliposhindwa kuelewa alisimamisha mwiko, na kila aliposimamisha mwiko ugali uliungua. Ulikuwa na mabonge yasiyosemeka. Sebuleni, Baba Fokas alitafuna taratibu, akauliza kama mahindi ya safari hii yamesagwa mashine nyingine. Shangazi akajibu kwamba ndiyo. Wakati huo nilidhani hajui kitu. Lakini siku mbili tatu baadaye, tulipokuwa katikati ya somo, alitokea mlangoni, akamtazama mwanawe anavyohangaika na mwiko, akautazama ukuta, akachukua sufuria aliyoijia, akaondoka bila neno. Tangu siku ile hakuingia jikoni saa ya kusonga ugali. Na Fokas akaanza kupanda, kwanza kidogo, halafu kwa namna ambayo hata Mwalimu Haule aliitaja darasani. Alikuwa na kichwa kizuri cha kuelewa vitu vinavyozunguka na kukatika. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mara ya tatu bila kumcheka.

Baba Fokas alitukuta siku ghala lilipofungwa mapema. Alikuja jikoni kutafuta kaa la kuwashia sigara. Akamkuta mwanawe ameshika mwiko, jasho linamtoka, na mimi nimekaa kwenye kigoda, mkono mmoja ukutani, nikimwambia, "Hapana, rudia tena." Hakupiga kelele. Natamani angepiga kelele. Alisema tu, "Ndiyo maana," akageuka, akaenda zake. Baadaye nilimsikia akimwambia Shangazi kwamba nyumba yake imepinduka, miguu juu, na kwamba amekwisha kumwagiza dereva wa lori la tumbaku ampelekee baba yangu ujumbe aje anichukue.

Dadi, ndivyo tulivyomwita baba kwetu, alikuja wiki iliyofuata na kuku mmoja na kifurushi cha maharage. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kazi ya tumbaku, na moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, ulikuwa haujamtoka kwenye koti. Nilimpigia shikamoo, akaniitikia bila kunitazama sana, nikajua amekwisha kukata shauri. Walikaa sebuleni. Mimi na Shangazi tulikuwa jikoni, tunatwanga kisamvu, milango yote miwili iko wazi.

"Shemeji," nilimsikia Baba Fokas, "hatuna ugomvi. Mtoto ni mzuri, ana heshima, mchapakazi. Ila kila nyumba ina utaratibu wake."

"Nimekuelewa, shemeji," akasema Dadi. "Ulimpokea mwanangu bila kuniuliza neno. Siwezi kuja kukubishia kwako. Kesho tutaondoka."

Sikulia. Nilianza kupanga kichwani vitu vyangu, godoro litabaki, sketi, madaftari, kanga aliyonipa mama. Shangazi aliweka mtwangio chini. Alijifuta mikono kwa kanga, polepole, kila kidole, akatoka nje, akaingia sebuleni, na nikasikia kiti kikilalama. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Wanaume walipozungumza mle ndani yeye huingia na chai na kutoka. Hakuwahi kukaa.

"Mchukueni," akasema. "Mimi sina neno. Ila kabla hajaondoka mniambie, Fokas atafundishwa na nani?"

Sauti yake ikapanda.

"Katikati ya mwaka mtoto huyu alikuwa mkiani. Mwalimu wake hakumtoa huko. Mimi sikumtoa. Wewe Baba Fokas, na miwani yako, hukumtoa. Aliyemtoa ni huyu msichana. Mwakani ni kidato cha nne. Akiondoka, Fokas anarudi mkiani, na akifeli, asije mtu akaniuliza. Fokas! Njoo hapa. Waambie baba yako na mjomba wako. Ni kweli au si kweli?"

Fokas alikuwa amejificha kando ya dirisha, anajifanya anatengeneza baiskeli. Aliingia ameinamisha kichwa. "Ni kweli, baba," akasema. "Truda akiondoka, nitafeli."

Baba Fokas akakoroga chai yake. Nilisikia kijiko kikigusa kikombe. "Lakini mwiko," akasema hatimaye, kama mtu anayetafuta pa kushika. "Mtoto wa kiume, na mwiko?"

"Akishika mwiko, mwenzake mikono iko huru kumfundisha," akasema Shangazi. "Na kibandani nitatafuta mtu mwingine. Mwalimu anayechelewa shule kila siku atamfundisha nini mwanao?"

Dadi alikohoa. Namfahamu baba yangu, alikuwa anaficha kicheko. Kesho yake aliondoka peke yake.

Hapo ndipo watu wengi wangemaliza hadithi, na nilipomsimulia binti ya Fokas alipiga makofi. Lakini mimi usiku wote nilijigeuza kwenye godoro nikiwa na kinyongo. Asubuhi nilimwuliza Shangazi tukiwa tunakanda unga. "Kwa hiyo mimi nasoma kwa ajili ya Fokas?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema nina akili."

"Hilo analijua. Ndilo lililomfanya amwite baba yako." Aliendelea kukanda, hakuniangalia. "Sikiliza, mwanangu. Mtu ukimwomba kitu kwa ajili yako, atakaa apime kama unastahili. Ukimwomba kwa ajili yake mwenyewe, hana cha kupima. Mimi nimeishi na Baba Fokas. Najua mlango upi uko wazi na upi umekomewa. Jana nilikuwa na haraka, nikapita ulio wazi. Wewe ukiwa mkubwa, utavunja ule mwingine."

Sikuridhika. Nikisema kweli, hata leo sijaridhika kabisa. Semina za elimu ya wasichana nilizohudhuria hazina idadi, na karibu zote huniambia jambo lilelile kwa maneno mazuri zaidi: msichana asomeshwe ili watoto wake wawe na afya, ili familia ipate nafuu, ili kijiji kiendelee. Yote ni kweli. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema mvulana asomeshwe kwa ajili ya watoto wake. Mvulana husomeshwa kwa sababu yupo. Msichana lazima kwanza aonyeshe atamfaa nani. Shangazi alilijua hilo bila semina, na hakulipenda zaidi yangu; alilitumia tu, kama unavyotumia kisu kilichopo. Mimi ni matunda ya kisu hicho, kwa hiyo sina haki ya kukidharau. Nina haki ya kutaka wajukuu zake wasikihitaji.

Nyumba ilibadilika, si kwa siku moja. Meza ya Fokas ilihamishiwa sebuleni, tukakaa mmoja huku na mwingine kule, taa katikati. Fokas akaanza kuteka maji kwa baiskeli asubuhi, madumu yakining'inia pande zote mbili, na majirani walimtania mpaka wakachoka. Mabonge yalipungua kwenye ugali. Baba Fokas hakuwahi kuukubali mwiko kwa mdomo wake, ila aliacha kwenda jikoni kutafuta moto, alinunua kiberiti. Shuleni, Mwalimu Haule aliendelea na tabia yake hadi siku moja, nilipokwisha kutoa jibu naye akasema kama kawaida, "Fokas, ni kweli?" Fokas akasimama, akajikuna kichwa. "Mwalimu," akasema, "mimi huwa namwuliza yeye." Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Haule alitutazama, mimi na yeye, zamu kwa zamu, na polepole akaanza kucheka pia, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa kwamba shati lake limegeuzwa nje ndani tangu asubuhi. Baada ya hapo alizoea kusema, "Edeltruda, njoo uwaonyeshe ubaoni."

Mwisho wa mwaka kulikuwa na siku ya wazazi. Mabenchi yalipangwa uwanjani, wazazi wakaja na nguo za kanisani. Shangazi alivaa kitenge kipya. Baba Fokas alivaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Fokas alitajwa miongoni mwa waliopanda zaidi, na baba yake akapiga makofi kwa mikono yote miwili juu ya kichwa. Kisha mkuu wa shule akasoma mshindi wa hisabati, akataja jina langu na la baba yangu. Zawadi ilikuwa shati jeupe la kiume, kwa kuwa aliyetumwa kuinunua hakuwazia kwamba mshindi anaweza kuvaa sketi. Niliipokea, watu wakacheka, nami nikacheka. "Mzazi wa huyu binti yuko wapi?" mkuu wa shule akauliza. "Asimame tumwone!"

Nilimtazama Shangazi. Kabla hajainuka, Baba Fokas alikuwa amekwisha kusimama. Alifunga kifungo cha koti, akainua mkono, akageuka kushoto na kulia ili kila benchi limwone. "Ni wa kwangu," akasema kwa sauti. "Anakaa kwangu. Nimemlea mimi." Mzee wa benchi la nyuma akampa mkono, mwingine akampa mkono, naye akawa anapokea pongezi kama bwana harusi.

Nilirudi kwenye benchi nikiwa na shati langu. Nikamwinamia Shangazi sikioni. "Shangazi, huyu si ndiye aliyetaka nirudishwe kijijini?"

Alinibana mkono, macho yake yakiwa mbele, uso mtulivu kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. "Nyamaza, Truda," akasema. "Mwache asimame. Tena aseme kwa sauti, wote wamsikie. Mtu aliyekwisha kusema 'ni wa kwangu' mbele ya watu wote hawa, mwakani atakurudishaje?"

Na kweli, hakunirudisha.